Faharasa za Kompyuta Nazo Zikaguliwe

Mwananchi anayefika kutibiwa Lituhi, pale Mto Ruhuhu unapomwaga maji yake katika Ziwa Nyasa, huandikwa daftarini. Mwisho wa mwezi wahudumu hujumlisha: wa malaria wangapi, wa kuhara wangapi, kina mama waliojifungua wangapi. Hesabu hizo huenda katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, na huingizwa katika kompyuta ya taifa. Huo ndio utaratibu wa MTUHA.

Kompyuta hiyo hutumia DHIS2, programu huria iliyokuwa imeenezwa nchini kote kufikia mwaka 2013. Asili yake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini baada ya mwaka 1994, ikaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo pamoja na wenzao wa Afrika, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo. Chini yake kuna kanzidata iitwayo PostgreSQL, ambayo chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986. Msimbo wa programu zote mbili uko wazi. Mtu yeyote aweza kuusoma, kuurekebisha na kuijenga programu upya bila kulipa ada.

Huo ni uhuru mkubwa. Lakini Watanzania tulifundishwa zamani kwamba uhuru huandamana na kazi, na kazi yenyewe hapa ni ukaguzi.

Kanzidata isiyo na faharasa hulazimika kusoma mstari mmoja mmoja. Mwaka 1972 Rudolf Bayer na Edward McCreight walichapisha njia bora: faharasa iliyopangwa kama mti. Ikiwa kila kifundo kina matawi 100, hatua tatu zatosha kuifikia kumbukumbu moja kati ya 1,000,000. Lakini mti huo husimama juu ya jambo moja tu, nalo ni mpangilio.

Mwaka 2018 maktaba ya msingi ya mfumo wa Linux, glibc toleo la 2.28, ilibadilisha kanuni za kupanga herufi na alama. Hata 1-1 na 11 zilibadilishana nafasi. Palipopandishwa toleo bila kujenga faharasa upya, faharasa ya maneno ilibaki na mpangilio wa zamani, na kompyuta ikatafuta kwa kanuni mpya. Kumbukumbu ipo, lakini jibu ni kwamba haipo. Tena, PostgreSQL toleo la 14 hadi 14.3 lilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu faharasa kimyakimya wakati wa kuzijenga huku kazi ikiendelea. Ilisahihishwa katika 14.4, Juni 2022.

Ubaya wa kasoro za aina hii ni ukimya wake. Mashine haizimiki wala haipigi kelele. Anayegawa dawa na watumishi kwa kutazama hesabu ataona kwamba kituo cha mbali hakina wagonjwa, kumbe wagonjwa wamejaa barazani.

Hivyo tunashauri kwa msisitizo. Toleo jipya lijaribiwe kwanza katika nakala, siyo katika kanzidata inayotumika. Baada ya mabadiliko, faharasa zipimwe kwa chombo cha amcheck, na zenye mashaka zijengwe upya kwa amri ya REINDEX. Madaftari ya karatasi yasitupwe, kwani ndiyo shahidi wa kulinganishia. Na vijana wetu wa mikoani wafundishwe kuusoma msimbo huo na kupeleka masahihisho yao kwa waundaji, wasiishie kubonyeza vitufe tu.

Programu huria haina mwenye duka wa kulalamikiwa. Wanaoitumia ndio wenye mali, na mwenye mali hana budi kuilinda. Mgonjwa wa Lituhi aliyeandikwa daftarini ana haki ya kuonekana mpaka mwisho wa safari ya hesabu yake.