INI HUKUA TENA LIKIKATWA: KWA NINI SUMU YA KUVU HULISHINDA?

Kati ya Januari na Julai mwaka 2004, watu 317 katika Mikoa ya Mashariki na Kati ya Kenya waliugua kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na 125 kati yao wakafariki. Wilaya ya Thika, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Kaunti ya Kiambu, ilikuwa miongoni mwa zilizopatwa. Wagonjwa waligeuka macho kuwa ya manjano, kwa kuwa ini lilikuwa limeharibika. Hapo mtu aweza kuuliza: ikiwa madaktari husema kwamba ini likikatwa hukua tena, mbona maini ya watu hao hayakujiponya?

Kwamba ini hukua tena ni kweli. Mwaka 1931 wataalamu wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliwakata panya theluthi mbili za ini. Baada ya majuma machache ini lilikuwa karibu na uzito wake wa kwanza. Mwaka 1989, huko Brisbane, Australia, mama mmoja alimpa mwanawe sehemu ya ini lake, na mtoto akapona. Ifahamike, hata hivyo, kwamba sehemu iliyokatwa haichipui kama kisiki cha mti. Ile iliyobaki ndiyo inayonenepa hata kutosha kazi ya mwili.

Je, ini hujuaje kwamba limepungua? Damu yote itokayo matumboni hupita katika ini. Likikatwa, damu ile ile husukumwa katika sehemu ndogo iliyosalia, na msukumo huo ndio ishara mojawapo ya kwanza. Kisha chembe za ulinzi zilizomo ndani ya ini hutoa kemikali za kuwaamsha majirani zao, mojawapo ikiitwa intaleukini-6. Baadaye hufuata kemikali nyingine za ukuzaji, ambazo huziamuru chembe za ini kugawanyika, moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Mwaka 1967 wataalamu wa Marekani waliunganisha damu ya panya aliyekatwa ini na ya panya mzima. Ini la yule mzima nalo likaanza kukua. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba amri hiyo husafiri katika damu. Ini likifikia kadiri inayoufaa mwili, ishara nyingine huzuia ukuaji.

Sasa jibu laonekana. Mpasuaji huondoa sehemu moja na kuacha nyingine iliyo nzima, yenye chembe za kupokea amri na kuitii. Sumu haifanyi hivyo. Huenea katika ini lote, na ikiwa nyingi huziua chembe zile zile ambazo zingalipaswa kujenga upya. Amri yaja, lakini watendaji hawapo.

Hata sumu kidogo, ikiliwa siku nyingi, ina hatari yake. Huharibu maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe, na chembe hiyo ikigawanyika, kosa hurithiwa na zile mpya. Hivyo ndivyo saratani ya ini iwezavyo kuanza, na hatari huzidi kwa mtu aliye na ugonjwa wa homa ya ini ya aina ya B.

Basi kinga ianzie shambani na ghalani. Mahindi yakaushwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu. Ili kuyapima, tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo, tikisa, kisha uiache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na paa linalovuja.

Mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe, wala yasipikiwe pombe, wala wasipewe ng'ombe wa maziwa, kwa maana sumu hupita hata katika maziwa. Moto wa jikoni hauiondoi. Tena punje yaweza kuonekana safi na kumbe ina sumu. Kwa hiyo kukausha mapema ni bora kuliko kuchambua baadaye.