Jihadhari na cheche za karakana ya nyumbani

Katika mitaa mingi ya Nairobi, Mombasa, Nakuru na Kisumu, mlio wa grainda husikika Jumamosi alasiri hata mahali ambapo hakuna fundi wa kulipwa. Anayeishika huenda ni karani, mwalimu au mwanafunzi wa chuo ambaye, pamoja na marafiki zake, amegeuza gereji au pembe ya ua kuwa karakana. Wanaunda jiko la kuchomea nyama kutokana na pipa kuukuu, wanakarabati pikipiki iliyolala miaka miwili, au wanatengeneza kibanda cha kuku. Zana ambazo zamani zilionekana kwa mafundi wa Kamukunji na Kariobangi sasa zinauzwa katika maduka ya kawaida, na marafiki watatu au wanne wakichanga pesa wanaweza kuzinunua.

Kazi hiyo ina faida zake. Humnyoosha mtu aliyeketi ofisini wiki nzima na humwepusha na mengi ambayo angeyafanya kwa mshahara wake. Hata hivyo, karakana ya namna hii ina upungufu mmoja. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kuwakinga na madhara, lakini nyuma ya nyumba hakuna mwajiri, hakuna mkaguzi, na mara nyingi kuna miwani moja kwa watu wanne. Aliye na grainda ndiye huivaa. Anayemshikia chuma hufumba jicho moja na kugeuza uso.

Kuna na ile kazi ya "dakika moja tu". Vyuma vyote vimekatwa, miwani imevuliwa, soda zimefunguliwa, halafu mmoja anaona kuna ncha iliyobaki. Anawasha mashine akiwa macho wazi. Msomaji aliyewahi kukaa na mafundi anajua kinachofuata.

CHEMBE NDANI YA JICHO

Diski ndogo ya grainda, ile yenye upana wa milimita 115, huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Maana yake ni kwamba ukingo wake hukimbia karibu kilomita 240 kwa saa, mwendo ambao matatu haiufikii hata dereva awe na wazimu wa kiasi gani. Chembe ya chuma ikirushwa kwa kasi hiyo hufika jichoni kabla ya kope kufumba. Inapofika huwa ya moto, na hujichoma kwenye konea, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya jicho. Unene wa utando huo katikati ni karibu nusu milimita tu.

Wakati mwingine mwenye jicho hahisi chochote mara moja. Jioni ndipo huanza kuona kama ana mchanga jichoni, machozi yakitiririka na taa zikimuumiza. Marafiki humkusanyikia, na hapo ndipo madhara makubwa yanapoweza kuanza. Mmoja huja na kijiti cha kiberiti, mwingine na ncha ya leso. Yupo atakayeshauri jicho lilambwe kwa ulimi, na mwingine atatumwa kwa jirani aliyejifungua akaombe maziwa. Vyote hivi huingiza viini katika kidonda kilicho wazi, na konea ikioza hubaki kovu jeupe ambalo huzuia kuona.

Wako pia wanaotoa sumaku kwenye spika mbovu na kuikaribisha jichoni. Wazo lenyewe si la kijinga. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Otto Haab wa mji wa Zurich, Uswisi, alijulikana kwa sumaku kubwa ya umeme aliyoitumia kutoa vipande vya chuma ndani ya macho. Tofauti ni kwamba daktari kwanza hujua kipande kiko wapi na kitapita njia gani kikitoka. Sumaku ya spika hukivuta tu, na kinaweza kuchana kila kitu kilicho njiani.

Jambo linalofaa ni rahisi. Usilisugue jicho. Lioshe kwa maji safi yanayotiririka huku ukipepesa kope. Vuta kope ya juu uifunike ile ya chini mara kadhaa, maana chembe nyingine hukaa chini ya kope na hutoka hivyo. Ikiwa haikutoka, acha kabisa kuitafuta na uende hospitali, ikiwezekana siku hiyo hiyo. Chuma kikikaa katika konea kwa saa kadhaa huanza kushika kutu, na kutu hiyo huacha pete ya rangi ya kahawia ambayo ni kazi zaidi kuiondoa kuliko chembe yenyewe. Daktari au afisa wa kliniki aliyesomea macho hulitia jicho dawa ya ganzi, akalitazama kwa mashine ya kukuza, akakitoa kipande kwa sindano. Mara nyingi shughuli hiyo huchukua dakika chache.

Dawa hiyo ya ganzi isitumiwe nyumbani. Huondoa maumivu mara moja, kwa hivyo mtu hutamani kuendelea nayo, kumbe inazuia kidonda kupona na inaweza kuliharibu jicho kabisa. Hali kadhalika matone yenye deksamethasoni, ambayo baadhi ya maduka ya dawa huyauza bila kuuliza maswali, hupunguza wekundu huku yakiviacha viini vizaliane. Jicho huonekana linapona, nalo linaharibika.

HATARI ISIYOUMA

Chembe ya grainda mara nyingi hubaki juu ya konea. Kipande kinachoruka mtu anapogonga chuma kwa chuma ni jambo jingine. Tazama kichwa cha tindo iliyotumika muda mrefu: kingo zake zimechanuka kama uyoga. Nyundo ikizipiga hizo kingo, kipande kidogo chenye makali huweza kukatika na kupenya moja kwa moja hadi ndani ya jicho. Tundu lake huwa dogo mno, hujifunga, na pengine halitoi damu wala haliumi sana. Mtu huona ukungu kidogo, akalala, akidhani kesho atakuwa mzima.

Chuma kilichobaki ndani huendelea kutoa sumu polepole na kuharibu sehemu ya nyuma ya jicho, ile inayopokea picha. Viini vilivyoingia nacho vinaweza kuliangamiza jicho kwa siku chache. Na ingawa hutokea mara chache, jicho moja likitobolewa mwili unaweza kuligeukia hata lile zima na kulishambulia.

Kwa hivyo, iwapo mtu alikuwa akigonga chuma kisha akahisi kitu kimempiga jichoni, achukuliwe kuwa jicho limetobolewa hadi daktari aseme vinginevyo. Mboni iliyobadilika umbo, ikawa kama tone la maji badala ya duara, ni dalili mbaya. Jicho la namna hiyo halioshwi, halibonyezwi wala halitiwi dawa yoyote. Kama kitu kimesimama humo, kisichomolewe. Chukua kikombe cha karatasi, kikate kitako, ukifunikie jicho bila kuligusa na ukishikize kwa plasta kwenye mifupa ya uso. Mgonjwa asile wala asinywe, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji siku hiyo.

Kuzuia ajali hii ni kazi ya dakika tano: kichwa cha tindo kisuguliwe kwa grainda au tupa kila kinapoanza kuchanuka.

Tukiwa bado kwenye grainda, kuna tabia moja ambayo inafaa ikomeshwe. Watu huondoa kinga ya chuma kwenye mashine ndogo ili waweke diski kubwa ya milimita 230, wakitaka ikate kwa kina. Diski hiyo imetengenezwa kustahimili mwendo wa chini ya kilomita 290 kwa saa kwenye ukingo wake. Katika mashine ndogo inaweza kulazimishwa kupita kilomita 450. Ikipasuka, miwani pekee haitoshi. Aidha, angalia tarehe iliyopigwa kwenye pete ya chuma iliyo katikati ya diski, kwa sababu gundi inayoishikilia huzeeka, hasa mahali penye unyevu.

MWANGA WA KUCHOMELEA

Usiku wa saa nane mtu huamka akipiga kelele kwamba amemwagiwa pilipili machoni. Kwa kawaida mchana wake alichomelea vyuma, au alisimama karibu na anayechomelea. Mwanga wa mashine ya umeme una miale isiyoonekana, ambayo wataalamu huiita urujuanimno, na miale hiyo huiunguza konea kama jua linavyounguza ngozi. Maumivu huchelewa kwa saa 6 hadi 12, ndiyo maana wengi hawahusishi usiku wao na kazi ya mchana. Jicho hupona lenyewe kwa siku moja au mbili mgonjwa akikaa gizani, akiweka kitambaa baridi juu ya kope na kumeza dawa ya kawaida ya maumivu. Maumivu yakizidi siku mbili, aende akapimwe.

Miwani ya jua haitoshi hata iwe nyeusi namna gani. Kinachohitajika ni kinyago chenye kioo cha kuchomelea, namba 10 au zaidi kwa kazi ya kawaida ya umeme. Watoto wanaokusanyika kutazama hawana kinyago, nao hupenda kuukodolea macho ule mwanga. Wafukuzwe bila huruma.

HOMA INAYOFANANA NA MALARIA

Mabati na mabomba mengi meupe hupakwa zinki ili yasishike kutu. Ukiyachomelea, zinki hiyo hugeuka moshi mweupe. Aliyeuvuta huwa mzima mchana, kisha saa chache baadaye mwili humtetemeka kwa baridi, joto hupanda, kichwa na viungo humuuma na kinywa humwachia ladha ya chuma. Kwa Mkenya yeyote hiyo ni malaria, na wengi hunywa dawa za malaria bila kupimwa. Kesho yake au keshokutwa homa hutoweka na dawa hupewa sifa isiyo yake.

Homa hii ya zinki kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Lakini asijipe mtu uhakika kwamba yake ni ya zinki, hasa akiwa ametoka Pwani au magharibi mwa nchi. Apimwe damu, na amweleze daktari alichokuwa akifanya. Akipata shida ya kupumua aende haraka, maana moshi wa rangi na vimiminiko vya kusafishia breki unaweza kuunguza mapafu.

Imani kwamba bilauri ya maziwa hukinga haina msingi. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda kwenye mapafu. Dawa yake ni kuchomelea nje, upepo ukitokea ubavuni, na kuiondoa zinki kwanza mahali pa kuunganishia. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

ASIDI, MOTO NA VIDOLE

Betri ya gari inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni, na cheche moja huweza kuilipua na kurusha asidi usoni. Wanaotengeneza sabuni nyumbani hushika magadi makali, na wanaojenga hushika saruji na chokaa. Hivi vya mwisho ni vibaya kuliko asidi, kwa kuwa huendelea kupenya ndani ya jicho. Tiba ni moja kwa vyote: maji, palepale, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, kwa dakika 30 kwa saa. Usianze kutafuta gari kwanza. Usijaribu kuituliza asidi kwa magadi wala kwa maziwa.

Aliyeungua ngozi naye atiwe chini ya maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga, mayai na mafuta ya taa humwongezea daktari kazi ya kusafisha. Kidole kikikatika, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko ndio uwekwe juu ya barafu. Kidole kikigusa barafu chenyewe, nyama yake hufa. Jeraha lolote la chuma lililoingia ndani lina hatari ya pepopunda, kwa hivyo mtu aulize sindano yake ya mwisho ilikuwa lini.

Kundi lolote linalochanga pesa za grainda liongeze za miwani inayotosha kila anayesimama hapo, na libakishe mtungi wa lita 20 za maji safi usioguswa kwa kazi nyingine. Kwa wakazi wa Nairobi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hospitali ya macho ya Lions iliyoko Loresho na ile ya Kikuyu zina wataalamu wa macho. Kwingineko, uliza katika hospitali ya kaunti kama kuna afisa wa kliniki wa macho. Ukifika mapokezi usiseme tu kwamba jicho linakuuma. Sema ulikuwa ukigonga chuma, ukikikata au ukikichomelea, na ni saa ngapi zimepita.