Mtoi Amekataa Dishi? Hii Ndio Tiba Inayowapa Wazazi Kazi Mezani

Tineja akianza kuruka chakula, wengi husema ni maringo, ama anasaka shepu ya mastaa wa mtandaoni. Lakini kuna wakati si maringo. Anoreksia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope kuongeza kilo hata akiwa amebaki mifupa, na unaweza kuua.

Tiba moja inayosaidia sana matineja haianzi na dawa. Inaanza na mathe na buda, pale pale mezani.

Ilitoka wapi?

Ilianzia hospitali ya Maudsley, London. Mwaka wa 1987, Gerald Russell na wenzake walionyesha kuwa watoi walioanza kuugua wakiwa wadogo, na hawajamaliza miaka 3 na ugonjwa, walipata nafuu zaidi familia ikihusishwa. Mwaka wa 2001, James Lock na Daniel Le Grange wakaiandikia mwongozo kule Marekani.

Inafanywa aje?

Kwanza, wazazi wanashika usukani wote wa msosi. Wanapika, wanapakua, wanakaa hapo hadi sahani iishe. Kikao cha pili, familia inabeba chakula na kukila mbele ya mtaalamu, naye anawaelekeza.

Pili, kilo zikirudi, mtoi anarudishiwa uhuru pole pole. Leo anajipakulia, wiki ijayo anakula lanchi na mabeshte.

Tatu, stori za chakula zinapungua na mnaongea mambo ya kawaida ya umri wake: shule, marafiki, kujitegemea.

Yote huchukua vikao karibu 20, miezi 6 hadi 12.

Si viboko, si makelele

Hapa ndipo wazazi wengi huteleza. Kushika usukani si kufoka. Unatenganisha mtoi na ugonjwa: anayesukuma sahani ya ugali si binti yako, ni ugonjwa. Wewe mzazi pia hulaumiwi, kwa sababu tiba hii haitafuti nani alikosea. Ndugu zake nao si askari wa sahani. Kazi yao ni kumpa kampani.

Inasaidia kila mtu?

Hapana. Utafiti wa 2010 ulifuata matineja 121. Mwaka mmoja baada ya tiba, karibu 49% ya waliotibiwa na familia walikuwa wamepona kabisa, dhidi ya 23% ya waliomwona mtaalamu peke yao. Ni tofauti kubwa, lakini pia inamaanisha nusu bado walihitaji msaada zaidi.

Na kama mtoi anazimia ama moyo wake unapiga pole pole sana, hospitali kwanza. Mambo ya meza yatafuata.

Kwa hivyo akisema "nimeshiba" kila siku na sare ya shule inazidi kumpwaya, usingoje eti atakua aache. Mpeleke aonwe na daktari mapema. Ugonjwa huu ukizoea nyumba, kuutoa ni noma.