Magongo Yaliponyamaza Baltimore

Tarehe 4 Aprili, 1988, watu zaidi ya 50,000 walijaa katika uwanja wa Memorial Stadium mjini Baltimore, nchini Marekani, ili kuitazama timu yao ya besiboli, Baltimore Orioles, ikifungua msimu dhidi ya Milwaukee Brewers. Jioni walirudi makwao wamenyong'onyea. Brewers walikuwa wamepata mikimbio 12, na Orioles hawakupata hata mmoja. Mchezo mmoja si msimu, walijiliwaza, na kweli katika besiboli ya Marekani kila timu hucheza michezo 162 kwa mwaka. Lakini Orioles walishindwa tena mchezo wa pili, wakashindwa wa tatu, wakashindwa na wa kumi, wakaendelea hivyo hivyo hadi mchezo wa 21. Kabla ya hapo, mwanzo mbaya kuliko yote iliyopata kuandikwa katika ligi kuu za nchi hiyo ulikuwa wa kushindwa mara 13 mfululizo, nao uliwafika Washington mwaka 1904 na Detroit mwaka 1920.

Huenda wengi wa wasomaji wetu hawaufahamu mchezo huu, ingawa si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, nchini Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika kila mwaka huko Williamsport, Marekani. Basi na tueleze kidogo, maana bila hayo msiba wa Baltimore hautaeleweka.

Mrushaji husimama umbali wa mita 18 hivi kutoka kwa mpigaji na kumtupia mpira kwa nguvu na kwa hila. Mpigaji, mwenye gongo mkononi, hujaribu kuupiga mahali ambapo walinzi hawataudaka, kisha hukimbilia kituo cha kwanza. Vituo ni vinne, na anayevizunguka vyote na kurudi alikoanzia huipatia timu yake mkimbio mmoja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu huwageukia wapinzani. Mpigaji anayefaulu mara tatu katika kila kumi huhesabiwa kuwa hodari. Huu, kwa hiyo, ni mchezo ambao hata bingwa hushindwa mara nyingi kuliko anavyofaulu, nao humtaka mtu awe na moyo wa kuvumilia.

Jambo la kushika zaidi ni orodha. Wapigaji tisa hupiga kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, na mpangilio wao hubaki ule ule tangu mwanzo wa mchezo hadi mwisho. Wa kwanza na wa pili kazi yao ni kufika vituoni kwa njia yoyote. Wa tatu, wa nne na wa tano ndio wenye mabavu, wanaotazamiwa kuupeleka mpira mbali ili waliotangulia warudi nyumbani. Ikiwa wa kwanza hakufika kituoni, pigo kubwa la mwenye mabavu huleta mkimbio mmoja badala ya mitatu. Na ikiwa anayemfuata mwenye mabavu ni dhaifu, mrushaji wa upande wa pili hana sababu ya kumtupia huyo mwenye mabavu mpira mzuri: atampa mipira ya pembeni tu, amwache aende kituo cha kwanza bure, kisha ammalize huyo dhaifu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Orioles wa mwaka 1988 hawakukosa vidole vyenye nguvu. Walikuwa na Eddie Murray, mtu wa miaka 32, aliyeweza kupiga akisimama upande wa kulia au wa kushoto, na ambaye kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa tegemeo la mji mzima. Walikuwa na Cal Ripken mdogo, aliyekuwa amecheza michezo zaidi ya 900 bila kukosa hata mmoja. Walikuwa pia na Fred Lynn, nyota wa zamani wa Boston, lakini huyu alikwisha fikia miaka 36 na miguu ilikuwa imeanza kumsaliti. Baada ya hao, orodha ilipukutika kama ukuta wa udongo uliopigwa na masika.

Tutazame mifano miwili. Larry Sheets, mwaka uliotangulia, alikuwa amepiga mapigo 31 ya kuvuka uzio na kufaulu mara 316 katika kila 1,000. Watu wa Baltimore walidhani wamempata mrithi wa Murray. Mwaka 1988 Sheets huyo huyo alimaliza msimu na mapigo 10 tu ya kuvuka uzio na wastani wa 230. Billy Ripken, ndugu mdogo wa Cal, alikuwa ameingia timu kubwa katikati ya mwaka 1987 na kuonyesha wastani wa 308 katika michezo 58. Mwaka wa pili wastani wake ulianguka hadi 207. Viongozi wa timu walikuwa wameujenga msimu mzima juu ya dhana kwamba yaliyotokea mwaka 1987 yangetokea tena. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo kosa lilipokuwa, wala si katika uwanja.

Hesabu ya michezo ile 21 yatisha. Orioles walipata mikimbio 44 tu, yaani miwili na kidogo kwa kila mchezo, hali wapinzani walipata 129. Warushaji wa Baltimore nao walikuwa na makosa yao, hatukatai. Lakini mrushaji anayejua kwamba wenzake watampatia mikimbio miwili tu hurusha kwa woga. Anataka kila mpira wake uwe kamili, na mpira unaotakiwa uwe kamili ndio unaopotea njia. Timu ikiisha tanguliwa kwa mikimbio mitatu au minne mapema, ugonjwa huwarudia wapigaji. Kila mmoja hutaka kuyafuta madeni yote kwa pigo moja. Huacha kungoja mpira mzuri, huuparamia mpira wowote unaopita, na mrushaji wa wapinzani akiisha kuitambua pupa hiyo hana tena haja ya kumtupia mpira mzuri. Hata Cal Ripken mwenyewe, mwenye subira ya kupigiwa mfano, katika majuma hayo ya mwanzo alikuwa akipiga upepo kama wengine.

Meneja wa timu, ambaye katika mchezo huu ndiye kocha mkuu, alikuwa Cal Ripken mkubwa, baba yao wale vijana wawili. Mzee huyu aliingia katika shirika la Orioles mwaka 1957 akiwa mchezaji wa timu ndogo, akawa mwalimu wa chipukizi katika miji midogo kwa miaka mingi, na karibu kila aliyepata sifa Baltimore alipitia mikononi mwake. Mwaka 1987 alipewa uongozi wa timu kubwa, akawa mtu wa kwanza katika historia ya ligi hizo kuwaongoza wanawe wawili kwa wakati mmoja. Hakuwapendelea. Cal mdogo alikuwa amecheza kila dakika ya kila mchezo kwa miaka kadhaa, na mwezi Septemba wa mwaka huo ni baba yake aliyemwambia aketi, akaivunja desturi hiyo.

Tarehe 12 Aprili, 1988, baada ya michezo sita tu, mzee Ripken alifukuzwa kazi.

Wapenzi wa kandanda wa kwetu wanaifahamu sana dawa hii. Timu ikifungwa mara tatu, kocha hufungishwa virago, na viongozi waliowasajili wachezaji hubaki vitini mwao wakitafuta kocha mwingine. Lakini kocha hawezi kushika gongo. Miaka zaidi ya thelathini ya utumishi ilipimwa kwa michezo sita, na wanawe wawili walitakiwa kuvaa sare na kuingia uwanjani kumchezea mtu aliyekalishwa mahali pa baba yao. Hawakugoma, wala hawakutoa maneno makali hadharani. Billy, aliyekuwa akivaa jezi namba 3, aliiacha akaichukua namba 7, iliyokuwa ya baba yake. Sisi twaona hilo lilisema ya kutosha.

Aliyeitwa kuokoa jahazi alikuwa Frank Robinson, na hapana aliyeweza kusema kwamba hakuujua mchezo. Mwaka 1966, akiwa mchezaji wa Orioles hao hao, aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa mapigo ya kuvuka uzio, na kwa mikimbio aliyoisababisha. Mwaka huo timu ikatwaa ubingwa wake wa kwanza. Mwaka 1975, huko Cleveland, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa meneja katika ligi kuu za Marekani. Lakini hata Robinson, bingwa wa kupiga, hakuweza kuwapigia wengine. Chini yake timu ilipoteza michezo 15 zaidi. Kama kulikuwa na haja ya ushahidi kwamba mzee Ripken hakuwa ndiye ugonjwa, ushahidi ndio huo.

Nchi nzima ilikuwa imekwisha geuza jambo hilo kuwa mzaha. Mtangazaji mmoja wa redio ya Baltimore, Bob Rivers, aliapa kutoondoka hewani mpaka timu ishinde, akajikuta ameshinda na kulala studioni kwa saa 258. Rais Ronald Reagan alimpigia Robinson simu kumpa pole. Lakini mjini Baltimore kwenyewe kulikuwa na hofu isiyo ya mzaha. Usiku mmoja wa Machi 1984, timu ya mji huo ya kandanda ya Kimarekani, Colts, ilikuwa imepakia mali yake katika malori na kuhamia Indianapolis, bila hata kuwaaga wenyeji. Ilikuwa imebaki Orioles peke yake, katika uwanja mkuukuu, chini ya tajiri aliyekuwa mgonjwa. Timu inayochekwa na kila mtu, watu walijiuliza, itakosaje sababu ya kufuata njia ile ile ya Indianapolis?

Ushindi ulikuja tarehe 29 Aprili, ugenini, mjini Chicago. Katika zamu ya kwanza Murray aliupiga mpira ukavuka uzio na kuleta mikimbio miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Orioles walikuwa mbele. Cal Ripken alifaulu kupiga mara nne, moja ikivuka uzio. Mark Williamson na Dave Schmidt, waliopokezana kurusha, hawakuwapa Chicago White Sox hata mkimbio mmoja. Matokeo yalikuwa 9 kwa 0. Msomaji na aangalie: vidole vile vile vilivyolaumiwa mwezi mzima ndivyo vilivyofanya kazi, ila safari hii waliokuwa mbele yao na nyuma yao nao walipiga.

Furaha haikudumu. Kesho yake walishindwa tena, na walirudi nyumbani wakiwa na ushindi mmoja na hasara 23. Jioni ya tarehe 2 Mei, mvuto gani ungemtoa mtu nyumbani kwake kwenda kuitazama timu ya namna hiyo? Walikwenda watu 50,402. Mwenye timu, Edward Bennett Williams, aliyekuwa akiugua saratani, aliutumia usiku huo kutangaza kwamba Orioles wangetia sahihi mkataba wa miaka 15 na kujengewa uwanja mpya mjini. Hofu ya malori ikaisha. Kisha timu ikawashinda Texas Rangers 9 kwa 4. Williams alifariki mwezi Agosti mwaka huo huo. Uwanja alioutangaza, Camden Yards, ulifunguliwa mwezi Aprili 1992.

Msimu wenyewe haukuokoka. Orioles walimaliza na ushindi 54 na hasara 107. Wastani wao wa kupiga ulikuwa 238, wa chini kabisa katika American League, na mikimbio yao ilikuwa 550, wakati Boston, waliokuwa wa kwanza kwa kupiga, walipata 813. Murray alimaliza akiwa na mapigo 28 ya kuvuka uzio, ambayo si haba, lakini alikuwa amechoka kuzomewa, na mwezi Desemba alipelekwa Los Angeles. Lynn alikuwa amekwisha pelekwa Detroit. Hivyo viongozi hatimaye walifanya lililopaswa kufanywa kabla ya Aprili: waliibomoa orodha na kuijaza vijana. Mwaka 1989, pasipo Murray, timu ilipata mikimbio 708, ikashinda michezo 87, na kugombea ubingwa wa kanda yake na Toronto hadi siku za mwisho za msimu. Robinson alichaguliwa kuwa meneja bora wa mwaka katika ligi hiyo.

Tangu hapo hakuna timu ya ligi kuu iliyoanza vibaya zaidi. Chicago Cubs walishindwa mara 14 mwanzoni mwa mwaka 1997. White Sox walishindwa mara 21 mfululizo mwaka 2024, lakini hao walikuwa katikati ya msimu, na watu walikwisha wazoea.

Na mzee Ripken? Alirudishwa kazini mwaka 1989, si kama meneja, bali kama kocha wa kituo cha tatu. Huyu ndiye asimamaye kando ya mstari na kuwaashiria wakimbiaji wasimame au waendelee hadi nyumbani. Mwaka ule, Cal na Billy walipokuwa wakikizunguka kituo cha tatu, mtu waliyetakiwa kumtazama alikuwa baba yao.