Homa Si Jina la Ugonjwa: Pa Kuanzia Unapojifunza Magonjwa kwa Mtandao

Kibada, Kigamboni, kuna duka la dawa muhimu ambalo mhudumu wake ni binti wa jirani yangu. Jioni moja nilikuwa nimeketi kwenye benchi la nje ya duka akaja mama mmoja, kanga ameivuta hadi shingoni, meno yanagongana.

"Mwanangu, nipe mseto. Malaria imenipanda tangu juzi."

"Shikamoo mama. Umepima?"

"Marahaba. Nipime nini tena? Mwili wangu naujua."

Binti hakumuuzia mseto. Alimpa maji, akamkalisha, akamweleza taratibu kwa nini apitie kwanza zahanati, kisha akampigia simu kijana wa bodaboda ampeleke. Bodaboda ilipoondoka akanigeukia. "Mwalimu, hii ndiyo kozi yenyewe. Wiki mbili tunafundishwa kwamba homa si ugonjwa. Na mimi miaka minne wakiniambia homa, nasikia malaria."

Kozi anayoisema ni ya magonjwa ya binadamu. Anaisoma kwa mtandao, kwenye simu, baada ya kufunga duka. Alipojiandikisha alitegemea orodha: ugonjwa huu, dawa hii. Alichokikuta ni maneno na maana zake, wiki ya kwanza hadi ya pili. Wapo wanafunzi wanaokata tamaa hapo, wakidhani masomo yenyewe hayajaanza. Nataka kueleza kwa nini maneno hayo ndiyo masomo yenyewe, na kwa nini sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tunapaswa kuyapa muda zaidi kuliko kitu kingine chochote.

Maneno ya msingi ni manne. Dalili ni kile mgonjwa anachokisikia na kukieleza: kichwa kinagonga, viungo vinauma, chakula hakipiti. Ishara ni kile ambacho mtu mwingine anaweza kukiona au kukipima: kipimajoto kimesoma 39, macho yamekuwa ya manjano, bandama imevimba. Kisababishi ni chanzo cha yote hayo, kiwe kirusi, bakteria, kimelea, kasoro ya kurithi au kitu kingine. La nne ni mwenendo wa ugonjwa, ambao vitabu huuita pathojenesisi: njia ambayo kisababishi hupita ndani ya mwili, hatua kwa hatua, mpaka dalili na ishara zijitokeze.

Sasa sikiliza tunavyozungumza mtaani. Neno homa ni joto la mwili kupanda, lakini papo hapo tumelifanya jina la magonjwa: homa ya matumbo, homa ya ini, homa ya manjano, homa ya mapafu. Presha ni kipimo, nayo ni ugonjwa. Sukari imo kwenye chai, imo kwenye damu ya kila mtu mzima wa afya, na bado tunasema fulani "ana sukari". Lugha haina kosa hapo. Watu wanaoishi pamoja hufupisha maneno kwa sababu wanaelewana. Lakini mwanafunzi akiingia darasani na vifupisho hivyo, ishara na kisababishi vitamchanganyikia tangu siku ya kwanza, na kila somo litakalofuata litajengwa juu ya mchanganyiko huo.

Gharama yake imepimwa hapahapa nchini. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia watoto 1,005 waliofikishwa hospitali wakiwa na homa, Dar es Salaam na Ifakara. Walipimwa kwa kina kila mmoja. Takriban saba katika kila kumi walikuwa na ugonjwa wa virusi. Waliokuwa na malaria walikuwa kama mmoja katika kumi. Mwaka uliotangulia, watafiti walitoa hesabu ya wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa Moshi. Wagonjwa 528 kati yao waliandikiwa kuwa na malaria. Vipimo vya uhakika vilionyesha kuwa malaria ndiyo iliyosababisha homa kwa wagonjwa 14 tu. Hao wengine zaidi ya mia tano waliitwa kwa jina lisilo lao, na ugonjwa uliowaleta hospitali ukabaki bila jina.

Ndiyo maana namshauri anayeanza achukue ugonjwa mmoja anaodhani anaujua na aufuate kutoka mwanzo hadi mwisho. Malaria inafaa sana. Kisababishi ni kimelea, na kinachoua zaidi kwetu ni *Plasmodium falciparum*. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anakiingiza mwilini anapomuuma mtu, kwa kawaida usiku. Kimelea hukimbilia ini, hukaa humo kama wiki moja kikizaliana, na mtu hahisi lolote. Kisha hutoka kwa maelfu na kuingia kwenye chembe nyekundu za damu. Humo huzaliana tena, chembe zinapasuka, na kupasuka huko ndiko kunakoufanya mwili uchemke na kutetemeka. Chembe zikiendelea kupasuka, damu hupungua. Ukiufahamu mwenendo huu, huhitaji kukariri kwamba malaria huleta homa, baridi na upungufu wa damu. Utaona mwenyewe kwamba lazima ilete. Utaelewa pia kwa nini kipimo cha haraka hutumia tone la damu: kinatafuta protini ya kimelea ndani ya damu, wala hakipimi joto.

Weka kando yake dengue, ambayo ilizuka kwa nguvu Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Nayo huleta homa kali na maumivu ya mwili, lakini kisababishi ni kirusi, na mbu wake ni Aedesi, anayeuma mchana na kutaga mayai kwenye maji yaliyotuama: ndoo, matairi mabovu, vifuu vya nazi. Kirusi hicho huweza kushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Kwa hiyo mgonjwa wa dengue hupewa parasetamoli, na huonywa asitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mhudumu wa duka la dawa akisikia "mwili unauma, nipe kitu kikali", hapo ndipo somo la kisababishi linapogeuka kuwa uhai wa mtu.

Kuchanganya majina hakukuanza na sisi. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, aliandika juu ya mlipuko wa mwaka 1870 ambao wenyeji waliuita kidinga pepo. Wazee wakamwambia waliwahi kuuona ugonjwa kama huo mwaka 1823. Jina hilo linatajwa mara nyingi kuwa huenda ndilo chimbuko la neno dengue, na Watanzania wengi hadi leo huiita kidingapopo. Karne moja baadaye, mwaka 1971, mtaalamu Donald Carey alizirudia kumbukumbu hizo, akaona jinsi maumivu ya viungo yalivyoelezwa, akatoa hoja kwamba ugonjwa ule yaelekea ulikuwa chikungunya. Chikungunya yenyewe ilikuja kutambuliwa baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake linatokana na Kimakonde, kumwelezea mtu aliyekunjwa na maumivu. Majina yote mawili yamezaliwa na kile kilichoonekana kwa macho. Na macho peke yake hayakutosha kutenganisha virusi viwili.

Mwanafunzi akishashika njia hii, hata magonjwa yasiyo na kijidudu hayamtishi. Selimundu haisambazwi na mbu wala na maji. Kisababishi ni badiliko dogo la jeni linaloifanya chembe nyekundu ijikunje kama mundu, ishindwe kupita kwenye mishipa midogo, na hapo yanakuja maumivu makali na upungufu wa damu. Maswali ni yaleyale: nini kimeanza, kimepitia wapi, mgonjwa anasikia nini, sisi tunaona nini.

Kuhusu kusoma kwa mtandao, nchi yetu ina uzoefu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye makao makuu Kinondoni, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi zao. Binti wa jirani anapakua mihadhara usiku bando linapokuwa nafuu, anaisikiliza akiwa kwenye foleni ya pantoni, na Jumapili anakaa na daftari. Daftari hilo ndilo lililomsaidia kuliko simu. Kila ugonjwa una ukurasa mmoja, na kila ukurasa una mistari minne ya maneno yale manne. Masomo ni ya Kiingereza, lakini anaandika kwa Kiswahili, kwa sababu amegundua kwamba sentensi asiyoweza kumweleza mama yake hajaielewa bado. Akimaliza ukurasa anaufunika na kuusema kwa sauti, kisha anafunua na kusahihisha.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kinatambuliwa, na TCU ikiwa ni chuo kikuu, au na NACTVET ikiwa ni chuo cha kati. Na ujue mipaka. Shirika la afya la Amref na washirika wake walipoanza mwaka 2005 kuwaendeleza wauguzi wa Kenya kwa njia ya kompyuta, waliokuwa wakisoma walikuwa tayari wauguzi, wenye wodi na wagonjwa mbele yao. Skrini inakufundisha kufikiri juu ya ugonjwa. Kumpapasa mtu tumbo ukaitambua bandama kunataka mikono na msimamizi. Kozi ya mtandao peke yake haimfanyi mtu kuwa tabibu, na binti huyu hajidanganyi.

Mama yule alirudi dukani kesho yake na majibu ya zahanati: hakuna vimelea vya malaria. Alikuwa ameandikiwa kwenda kituo cha afya kwa vipimo zaidi, naye alikuja kuuliza kwa nini, kwani yeye homa anayo. Binti akatoa daftari, akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa. Juu, kwa kalamu ya bluu, alikuwa ameandika siku alipoanza kozi: *Ugonjwa wa kwanza: Homa.* Neno Homa limekatwa kwa mstari mmoja, na juu yake pameandikwa Malaria. Chini, kwenye mstari wa ishara, homa ameiandika upya. Akamgeuzia mama daftari alisome, wakaanza kuzungumza.