Gunia Chini ya Mti: Maisha ya Bondia Joe Frazier
Na Bwana Shamba

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kusikia jina la Muhammad Ali. Jina hilo linajulikana hata vijijini. Mwaka 1980 alifika Dar es Salaam, na watu wengi walitamani kumwona. Lakini je, unamjua mtu wa kwanza aliyemshinda Muhammad Ali katika ndondi za kulipwa? Mtu huyo ni Joe Frazier, mtoto wa mkulima maskini.

Mimi si mwalimu wa michezo. Kazi yangu ni kilimo. Lakini kila ninaposimulia habari za Joe Frazier, wakulima husikiliza kwa makini. Wanasikia mambo wanayoyajua: jembe, udongo mbaya, nguruwe na gunia.

SHAMBA LENYE UDONGO MBAYA

Joe Frazier alizaliwa tarehe 12 Januari, 1944, karibu na mji wa Beaufort. Mji huo uko katika jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani, karibu na bahari. Baba yake aliitwa Rubin na mama yake Dolly. Joe ndiye aliyekuwa mdogo wa mwisho katika jamaa yenye watoto wengi.

Jamaa hiyo ilikuwa na shamba la ekari 10. Shamba lenyewe halikuwa zuri. Udongo wake ulikuwa mweupe, tena hauna rutuba. Mahindi hayakustawi. Pamba na matikiti ndiyo yaliyovumilia kidogo. Walilima kwa nyumbu wawili. Nyumbu hawa si wale wa mbugani. Nyumbu wa kulimia ni mtoto wa punda na farasi.

Mwaka ule aliozaliwa Joe, baba yake alipigwa risasi. Akapoteza sehemu ya mkono wake wa kushoto. Mkulima mwenye mkono mmoja afanyeje? Joe alipopata nguvu za kutembea, alianza kufuatana na baba yake kila mahali. Baba akishika msumeno, mtoto hushika ubao. Baba akishika nyundo, mtoto hushika msumari. Kwa hiyo Joe akawa mkono wa kushoto wa baba yake.

Wakati ule watu weusi wa kusini mwa Marekani walibaguliwa kwa sheria. Shule zao zilikuwa mbali na shule za wazungu. Katika basi walikaa nyuma. Watu wengi weusi hawakuwa na ardhi. Walifanya kazi katika mashamba ya wazungu kwa ujira mdogo sana. Joe naye alifanya kazi hiyo akiwa bado mtoto.

GUNIA NA NGURUWE

Miaka ya 1950 ilipoanza, baba yake Joe alipata televisheni. Majirani wakawa wanakuja kutazama ndondi. Mama alikuwa akiwauzia vinywaji. Jioni moja mjomba wake Joe alimtazama mtoto huyo mnene mwenye nguvu. Akasema kwamba huyu atakuwa Joe Louis mwingine. Joe Louis alikuwa mtu mweusi, mtoto wa wakulima maskini kama wao. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu tangu mwaka 1937 mpaka 1949.

Neno lile lilimwingia mtoto moyoni. Kesho yake alichukua gunia kuukuu. Akalijaza matambara, magunzi ya mahindi na majani makavu. Katikati akatia tofali. Akalitundika kwenye mti uani, akaanza kulipiga ngumi. Watu wa nyumbani walimcheka. Yeye hakujali. Kwa miaka kama sita au saba alilipiga gunia lile karibu kila siku, muda wa saa nzima.

Siku moja Joe alimchokoza nguruwe dume mkubwa wa baba yake. Nguruwe huyo alikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 130. Lango la banda lilikuwa wazi. Nguruwe akatoka, akamkimbiza. Joe alianguka, mkono wake wa kushoto ukagonga tofali, ukaumia vibaya. Nyumbani hapakuwa na fedha za daktari. Mkono ukaachwa upone wenyewe. Ulipona, lakini haukunyooka tena sawasawa. Ulibaki umepinda kidogo.

Baadaye mkono ule uliopinda ndio uliompa sifa duniani. Ulikuwa tayari kwa ngumi ya kushoto ya kuzungusha, ile inayotoka ubavuni na kumpata mtu shavuni. Lakini msomaji usidhani kwamba kuvunjika ni bahati njema. Kwa mtoto mmoja kama Joe, kuna watoto wengi waliobaki vilema kwa sababu hawakutibiwa. Mtoto wako akiumia mkono au mguu, mpeleke zahanati siku ile ile.

KUONDOKA NYUMBANI

Joe hakuendelea sana na shule. Alifanya kazi kwa mkulima mmoja mzungu. Siku moja alimwona mzungu huyo akimpiga mtoto mweusi kwa mkanda, kwa sababu ya kosa dogo la trekta. Joe aliwaeleza wenzake aliyoyaona. Mwenye shamba alipopata habari alikasirika, akamfukuza na kumtishia kumpiga yeye pia. Joe alimjibu kwamba mkanda huo autumie kufungia suruali yake.

Kwa kijana mweusi wa mahali pale, jibu kama hilo lilikuwa hatari. Mama yake aliogopa. Aliona heri mwanawe aondoke. Mwaka 1959, Joe akiwa na umri wa miaka 15, alipanda basi kwenda New York kwa kaka yake. Baadaye alihamia mji wa Philadelphia.

Huko alipata kazi katika machinjio ya ng'ombe. Alikuwa akisafisha damu na kubeba nyama. Wakati mwingine, wenzake wasipokuwapo, alizipiga ngumi zile nyama zilizotundikwa, kama alivyolipiga gunia la nyumbani. Miaka mingi baadaye jambo hilo lilionyeshwa katika sinema maarufu ya ndondi iitwayo Rocky, ya mwaka 1976.

Joe aliingia katika chumba cha mazoezi cha vijana kilichoendeshwa na polisi. Nia yake ya kwanza ilikuwa kupunguza unene. Hapo akakutana na Yank Durham, aliyekuwa fundi wa kuunga vyuma na mwalimu wa ndondi. Durham alimwona kijana mfupi kuliko mabondia wengi wa uzito wa juu. Akamfundisha kuinama, kusogea mbele bila kurudi nyuma, na kupiga kwa haraka. Alimwambia apige mpaka glavu zitoe moshi. Ndipo Joe akapewa jina la utani, Joe Mtoa Moshi.

DHAHABU YA TOKYO

Mwaka 1964 Marekani ilichagua mabondia wa kwenda katika Michezo ya Olimpiki huko Tokyo, Japani. Joe alishindwa na Buster Mathis, kijana mrefu na mnene sana. Angeweza kukata tamaa na kurudi machinjioni. Hakufanya hivyo. Alikubali kwenda kama mtu wa akiba. Kisha Mathis akaumia mkono, na Joe akashika nafasi yake.

Katika pambano la nusu fainali Joe alivunjika kidole gumba cha mkono wa kushoto. Alinyamaza. Hakutaka kuondolewa. Katika fainali alipigana na Hans Huber wa Ujerumani huku akiumia. Waamuzi watatu kati ya watano walimpa Joe ushindi. Mwaka ule hakuna bondia mwingine wa Marekani aliyepata medali ya dhahabu.

Lakini medali hailiwi. Joe alirudi Philadelphia akiwa na kidole kibovu, bila fedha, na ana mke na watoto. Alianza ndondi za kulipwa mwaka 1965. Mwishoni mwa mwaka huo watu wa mjini waliunda kampuni ya kumsaidia. Kila hisa iliuzwa dola 250. Fedha hizo zilimwezesha Joe kufanya mazoezi bila kuhangaikia chakula. Wakulima wenye chama cha ushirika wanafahamu jambo hili. Mtu mmoja akikosa mtaji hukwama, lakini wengi wakichanga kidogo kidogo, kazi huenda.

PAMBANO LA MWAKA 1971

Mwaka 1967 Muhammad Ali alinyang'anywa ubingwa na leseni ya ndondi, kwa sababu alikataa kwenda kupigana vita vya Vietnam. Mwaka 1970 Frazier alimshinda Jimmy Ellis, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ali alipokuwa anadai arudishiwe leseni, Frazier alimuunga mkono.

Tarehe 8 Machi, 1971, watu hao wawili walikutana New York. Kila mmoja alikuwa hajapata kushindwa katika ndondi za kulipwa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni mbili na nusu. Hazijapata kulipwa fedha nyingi namna hiyo katika ndondi kabla ya siku hiyo.

Walipigana raundi zote 15. Katika raundi ya mwisho Frazier aliuzungusha mkono wake wa kushoto, ule ule uliovunjwa na nguruwe. Ngumi ilimpata Ali kwenye taya, akaanguka chali. Aliinuka na kumaliza pambano, lakini waamuzi wote walimpa Frazier ushindi.

Mwezi uliofuata Frazier alialikwa kuhutubia bunge la jimbo lake la South Carolina. Tangu karne ya 19, hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepewa heshima hiyo. Kijana aliyeondoka kwa kuogopa kupigwa mkanda alirudi kupigiwa makofi na wakubwa wa jimbo. Mwaka huo pia alimnunulia mama yake shamba kubwa karibu na Beaufort.

KUJUA MAHALI PA KUSIMAMA

Hakuna bingwa wa milele. Tarehe 22 Januari, 1973, huko Kingston, Jamaica, George Foreman alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili, akamnyang'anya ubingwa. Ndiye Foreman huyo aliyeshindwa na Ali huko Kinshasa mwaka 1974.

Ali na Frazier walipigana mara ya pili Januari 1974, na Ali akashinda. Mara ya tatu walikutana karibu na Manila, nchini Ufilipino, tarehe 1 Oktoba, 1975. Joto lilikuwa kali mno. Baada ya raundi 14 uso wa Frazier ulikuwa umevimba, na alikuwa haoni ngumi zinazomjia. Ilibaki raundi moja tu. Frazier alitaka kuendelea.

Mwalimu wake wakati huo alikuwa Eddie Futch. Futch alikuwa amepata kuona mabondia wakifa kwa ndondi. Alimwambia Joe akae, akasimamisha pambano. Ali naye alikuwa amechoka kabisa. Baadaye alisema siku ile alikaribia kifo. Watu wengine walimlaumu Futch kwa kuacha ushindi uliokuwa karibu. Mimi nasema alifanya vema. Frazier alikuwa na watoto nyumbani. Ubingwa hurudi, uhai haurudi.

Kulikuwa na jeraha lingine. Kabla ya mapambano yao, Ali alimtukana Frazier mbele ya watu. Alimwita kibaraka wa wazungu, na huko Manila akamfananisha na sokwe. Frazier, aliyekulia katika shamba la watu weusi maskini, aliumia sana. Uvimbe wa uso uliisha baada ya siku chache, lakini maneno hayo yalimkaa moyoni kwa miaka mingi. Ali aliomba radhi baadaye.

MWISHO WAKE

Frazier alipigana pambano lake la mwisho mwaka 1981. Katika mapambano 37 alishinda 32, alishindwa manne na kutoka sare moja. Walioweza kumshinda ni Ali na Foreman tu.

Fedha nyingi alizopata hazikudumu. Kwa miaka mingi alifundisha vijana ndondi katika jengo lake la mazoezi huko Philadelphia, na mwishowe akawa anaishi katika chumba cha juu cha jengo hilo. Jengo lilifungwa mwaka 2008. Joe Frazier alifariki tarehe 7 Novemba, 2011, kwa saratani ya ini, akiwa na umri wa miaka 67. Muhammad Ali, akiwa mgonjwa, alikwenda kumzika.

Katika mji ule ule ilikuwapo tangu zamani sanamu ya Rocky, bondia wa kwenye sinema ambaye hakupata kuishi. Frazier, aliyezipiga nyama kwa mikono yake mwenyewe, alijengewa sanamu mwaka 2015, baada ya kufa.

Ndugu msomaji, tujifunze nini? Si lazima kila kijana awe bondia. Lakini Joe hakungoja apewe vifaa. Alianza na gunia, magunzi na tofali, vitu ambavyo hata sisi tunavyo. Kila siku alitoa saa moja. Na sisi tukumbuke kuwasifu watu wetu wangali hai.

MASWALI YA KUJADILI

1. Joe alitumia vitu gani kutengenezea gunia la mazoezi?
2. Je, Eddie Futch alifanya vema kusimamisha pambano? Toa sababu.
3. Ni kazi gani kijijini kwenu inayoweza kuanzishwa kwa kuchanga kidogo kidogo?
4. Ni mtu gani kijijini kwenu anayestahili kusifiwa sasa, angali hai?