Dirisha la Kompyuta Katika Hesabu za Nyumbani

Katika mtaa wa Nyakabiga, jijini Bujumbura, kompyuta si kitu cha kushangaza. Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi iko jirani, na wanafunzi ni sehemu ya maisha ya mtaa. Hata hivyo, si ajabu kuikuta nyumba ambamo kijana anaandika programu chumbani, hali mama yake yuko sebuleni akihangaika na hesabu katika daftari lililochakaa. Elimu na shida hulala chini ya paa moja bila kujuana.

Chukua mfano wa mke wa askari ambaye mumewe yuko mbali akilinda amani, kama walivyowahi kupelekwa askari wengi wa Burundi nchini Somalia na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mama huyo ndiye mweka hazina wa upatu wa akina mama 12. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa faranga 5,000, na jumla ya faranga 60,000 hukabidhiwa aliyefikiwa na zamu. Siku moja mvua inavuja juu ya meza, wino unasambaa, na jina moja halisomeki. Mwenye jina anaapa kwamba alilipa. Fedha yenyewe si nyingi, lakini kilicho hatarini ni heshima ya mweka hazina, ambaye hana shahidi ila daftari lililolowa.

Binti wa nyumba hiyo, ikiwa anajifunza kompyuta, aweza kumsaidia mama yake kwa kazi ya siku chache. Anachohitaji kujenga ni dirisha dogo lenye mahali pa kuchagua jina, kisanduku cha kuandikia kiasi, kitufe cha kuhifadhi, na orodha ya waliokwisha kulipa. Lugha ya programu iitwayo Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, hupatikana bure. Kwa kawaida huja pamoja na Tkinter, yaani ghala la vipande vya kujengea madirisha. Ikishaingizwa katika kompyuta, kazi huendelea hata pasipo intaneti.

KALIBU NA MATOFALI

Python ni miongoni mwa lugha zinazojenga programu kwa vitu. Fikra hiyo ilianzia Norway katika miaka ya 1960, ambako Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliunda lugha ya Simula. Katika miaka ya 1970, Alan Kay, Adele Goldberg, Dan Ingalls na wenzao wa kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Marekani, waliunda lugha ya Smalltalk. Kwa kutumia kompyuta ya Alto ya mwaka 1973, walionyesha madirisha kwenye kioo na kuyaongoza kwa kipanya. Watoto wa shule walikuwa miongoni mwa waliojaribu kazi yao. Tangu mwanzo, basi, dirisha halikukusudiwa kuwa la wataalamu peke yao.

Maana ya vitu hivyo si ngumu. Fundi wa matofali hafinyangi kila tofali kwa mikono mitupu; hutengeneza kalibu moja, nayo ikatoa matofali mengi. Katika lugha hizi kalibu huitwa klasi, na kinachotoka humo huitwa kitu. Kila kitu hubeba taarifa zake na hujua kazi yake. Kitufe hujua maandishi yaliyo juu yake na amri itakayotekelezwa kikibonyezwa. Kisanduku cha kuandikia hujua herufi zilizomo ndani yake.

Aidha, klasi moja huweza kurithi nyingine. Askari wa mawasiliano hubaki na mafunzo yote ya askari wa kawaida, kisha huongezewa ujuzi wa redio. Vivyo hivyo binti huandika klasi ya dirisha la upatu ikarithi mambo ya dirisha la kawaida, kama kufunguka na kufungwa, naye akaongeza yale tu yanayohusu michango. Yafaa pia hesabu zikae katika klasi yake na sura ya dirisha katika klasi nyingine. Siku atakapotaka kubadili rangi au kuhamisha kitufe, hesabu za watu hazitaguswa.

MLINZI WA ZAMU

Programu nyingi za wanaoanza kujifunza hutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kisha huisha. Programu ya dirisha hukaa lindoni. Ikishapanga vipande vyake, huingia katika mzunguko wa kungoja. Kibonyezo cha kipanya ni ishara. Mlinzi akiiona, hutekeleza amri iliyowekwa, kisha hurudi mahali pake. Lakini mlinzi akitumwa sokoni, lango hubaki bila mtu. Ndiyo sababu amri ya kitufe ikipewa kazi ndefu, dirisha zima huganda, na mtumiaji hudhani mashine imekufa.

Wengi hukosea hapa. Katika Tkinter, kitufe huunganishwa na amri kwa kutaja jina la amri hiyo tupu, bila mabano. Mwanafunzi akiweka mabano, amri hutekelezwa papo hapo dirisha linapojengwa, na baadaye kitufe kikibonyezwa hakuna litokealo. Ni kama bunduki iliyofyatuka wakati wa kusafishwa, ikakosa risasi adui alipofika.

KOSA LISILOONEKANA

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika kisanduku cha kuandikia. Kisanduku hutoa maandishi, hata kama yanafanana na tarakimu. Mama akiandika 5000 mara mbili, na programu ikayaunganisha kama maandishi, jibu huwa 50005000. Hapana budi maandishi yageuzwe kuwa namba kabla ya kujumlishwa.

Je, mama akiandika “elfu tano” kwa maneno? Ugeuzaji hushindikana. Ikiwa binti hakuandaa njia ya kulishughulikia kosa hilo, Tkinter hulitangaza mahali ambapo mama haangalii, na dirisha hutulia kana kwamba fedha imekwisha kuandikwa. Hapo mashine imekuwa mbaya kuliko daftari lililolowa, maana daftari huonyesha doa lake. Kwa hiyo programu imwambie mtumiaji waziwazi: “Andika kiasi kwa tarakimu, mfano 5000.” Na malipo yanapopokelewa, jina na kiasi vionekane mara moja katika orodha, mama na mlipaji wavione kwa macho yao.

Majina nayo yachaguliwe katika orodha, yasiandikwe upya kila wiki, ili mtu mmoja asigeuke wawili kwa tofauti ya herufi. Kila malipo yahifadhiwe papo hapo kitufe kinapobonyezwa, kwa kuwa umeme haupigi hodi unapokatika. Python huja na SQLite, ghala la kumbukumbu linalokaa katika faili moja, nalo latosha kabisa kwa kazi hii. Wala pasiwe na kitufe cha kufuta malipo. Penye kosa, iandikwe sahihisho katika mstari mpya, kama afanyavyo mhasibu mwaminifu, ili kila mabadiliko yaache alama.

LUGHA YA VITUFE

Kitufe ni swali linaloulizwa mtu, na swali huulizwa kwa lugha anayoielewa. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye sura ya Kiswahili, wakathibitisha kwamba kompyuta hailazimiki kusema Kiingereza. Binti wa Nyakabiga naye aandike “Hifadhi” au neno la Kirundi ambalo akina mama wenyewe hulitumia, kuliko kuacha neno la kigeni ambalo mama atalikariri kwa umbo lake tu.

Kipimo cha kazi yote ni kimoja. Binti ampe mama kompyuta, aketi pembeni, anyamaze. Mama akisita mbele ya kitufe, lawama si yake. Kitufe ndicho kilichowekwa vibaya. Aandike kila aliposita, arekebishe, kisha ajaribu tena wiki ifuatayo.

Daftari la zamani lisitupwe. Kwa miezi ya mwanzo viandikwe vyote viwili, na nakala ya faili iwekwe pia nje ya kompyuta, katika flashi iliyohifadhiwa penye usalama. Kila Jumamosi orodha isomwe kwa sauti mbele ya wanachama wote, maana mashine huweka hesabu, lakini uaminifu huwekwa na watu. Na mume atakaporudi kutoka safari yake ya kikazi, atakuta hesabu zinasomeka na jina la mkewe halina doa.